Panjakent: mji wa vinu na mifereji

Mwanzoni mwa karne ya 8 mtu mmoja aitwaye Mahyan alikodi vinu vitatu vya maji kutoka kwa bwana wa Panjakent. Mkataba uliandikwa kwa Kisogdi, lugha ya wakulima na wafanyabiashara wa bonde la mto Zeravshan enzi hizo, na masharti yake hayakuacha nafasi ya ugomvi. Mpangaji anapewa vinu pamoja na mifereji yake, majengo yake na mawe ya kusagia. Muda ni mwaka mmoja. Kodi ni vipimo 460 vya unga. Mwenye mali alikuwa Devashtich, mtawala aliyejiita mfalme wa Sogdi na bwana wa Samarkand. Pamoja na ukubwa wote huo wa cheo, alijua idadi ya vipimo vya unga anavyodai.

Mkataba huo upo hadi leo, umetunzwa katika mji wa St Petersburg, Urusi. Na bonde ulikoandikwa bado linalimwa.

Panjakent ya leo ni mji mdogo wa kilimo kaskazini-magharibi mwa Tajikistan, kilomita 60 hivi mashariki ya Samarkand, ambayo iko ng'ambo ya mpaka nchini Uzbekistan. Uko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, umebanwa na safu mbili za milima: Turkestan upande wa kaskazini na Zeravshan upande wa kusini. Mto unaoitwa kwa jina hilo hilo la Zeravshan unatoka kwenye barafu za milimani huko mashariki na kupita katikati ya bonde. Kandokando yake ndiko kwenye mashamba ya mpunga, nyanya, vitunguu na viazi, mizabibu, mitufaha na miaprikoti. Wakati wa baridi theluji huanguka. Majira ya joto ni makavu, na wingu la mvua mwezi Julai ni jambo la kusimuliwa. Anayetaka kula lazima awe na mfereji.

Waandishi wakifika Asia ya Kati kwa kalamu zao, aghalabu hukimbilia Njia ya Hariri: misafara ya ngamia, marobota ya vitambaa, wafanyabiashara wa Kisogdi waliofika mpaka China. Yote hayo ni kweli, na Wasogdi walikuwa mabingwa wa biashara hiyo kwa karne kadhaa. Lakini kwa maoni yangu misafara imepewa sifa kuliko haki yake. Ngamia alipita akaenda zake. Aliyebaki ni mkulima, aliyemlisha msafiri mkate, akampa mnyama wake majani, na kuchimba mfereji uliofanya pawepo na mji wa kupumzikia. Panjakent inafaa kusimuliwa kuanzia kwa mtu huyo, kwa sababu katika mji huu hata historia yenyewe ilifukuliwa na watu wa mifugo na jembe.

Mwaka 1932 mchungaji mmoja alikuwa juu ya mlima Mugh, mashariki ya Panjakent, mahali mto Kum unapoingia Zeravshan. Katika magofu ya ngome ya kale akakuta kikapu, na ndani yake hati zenye maandishi ambayo hakuna mtu wa kijijini kwake aliyeweza kuyasoma. Habari zilifika kwa viongozi wa eneo lile, kisha kwa wataalamu wa St Petersburg, wakati huo ikiitwa Leningrad, na mwaka 1933 msafara wa Chuo cha Sayansi cha Kisovieti, ukiongozwa na Aleksandr Freiman, ulikwenda kuchimba. Hati zaidi ya 80 zikapatikana. Nyingi ni za Kisogdi, chache ni za Kiarabu, Kichina na Kituruki. Nyingine zimeandikwa juu ya karatasi, nyingine juu ya ngozi, nyingine juu ya vijiti vilivyochongwa.

Ufunguo ulikuwa barua moja ya Kiarabu, iliyoandikwa juu ya ngozi. Mtaalamu wa Kiarabu, Ignaty Krachkovsky, aliisoma akakuta jina la mwandishi: Devashtich, akimwandikia al-Jarrah bin Abdallah, amiri wa Khorasan. Jina hilo lilikuwamo pia katika historia kubwa ya al-Tabari, ila wanakili wa karne nyingi walikuwa wameliharibu kwa kupotosha nukta zake. Kwa mara ya kwanza mtu wa vitabu alikutana na saini yake mwenyewe, na wataalamu wakajua kikapu kile kilikuwa cha nani.

Kisa chake kinasikitisha. Qutayba bin Muslim alikuwa ameiteka Samarkand mwaka 712 kwa niaba ya makhalifa wa Banu Umayya. Devashtich aliishi miaka kadhaa akiwapimia Waarabu maneno, akiwaandikia barua za utii huku akiwasiliana na wengine waliotaka kuwaondoa. Barua ile kwa al-Jarrah inahusu watoto wawili wa Tarkhun, mtawala wa zamani wa Samarkand, waliokuwa chini ya ulezi wake. Mwaka 722 mambo yalimharibikia. Alikimbia na watu wake kupanda bonde mpaka ngome ya mlima Mugh, akazingirwa, akajisalimisha, na Said al-Harashi, amiri mpya wa Khorasan, akaamuru auawe. Hati zikabaki mlimani miaka 1,210, zikimngoja mchungaji.

Ajabu ya hati hizo ni kwamba siasa ni sehemu yake tu. Kuna hesabu za divai, nafaka, ngozi na viatu. Kuna mkataba wa kuuza nusu ya kiwanja cha maziara kwa dirhamu 25. Kuna ule wa vinu vya Mahyan. Na kuna mkataba wa ndoa wa mwaka 710, ambao kila nikiutafakari nauona kuwa hati yenye thamani kuliko taji lolote lililowahi kuvaliwa katika bonde lile.

Bwana harusi alikuwa Mturuki aitwaye Uttegin. Bibi harusi aliitwa Dhughdgonchah, na jina lake la nyumbani lilikuwa Chat. Alikuwa chini ya ulezi wa mtawala wa mji mwingine. Mkataba unamtaka mume ampe mkewe chakula, nguo na mapambo, na amtunze kwa heshima kama bibi mwenye mamlaka katika nyumba yake. Asichukue mke wa pili wala suria bila ridhaa yake. Akifanya hivyo, atamlipa faini ya dirhamu 30. Mume akitaka kuachana, masharti yake yameandikwa. Mke akitaka kuondoka, yake pia yameandikwa. Na kuna kifungu kinachosema kwamba mume akitenda kosa au akiingia utumwani kwa deni, mke hataburutwa naye. Mlezi wa binti, kwa upande wake, alipewa nakala ya ahadi za mume, ili kesho kusiwe na kukanushana.

Hapa hatusomi sheria ya mfalme iliyochongwa kwenye jiwe ili wapita njia waogope. Tunasoma hati ya watu wawili na mashahidi wao, katika jamii iliyozoea kuandikiana. Mtu wa bonde lile alikodi kinu kwa maandishi, akauza kaburi kwa maandishi, akaoa kwa maandishi. Wanawake wa Kisogdi wamebaki na sauti katika historia kwa sababu ya tabia hiyo ya wenyeji ya kutoamini kwamba neno la mdomo litakumbukwa, na sioni haya kusema kwamba karne nyingi zilizofuata, katika nchi nyingi, zimewaandikia wanawake mikataba duni kuliko huu.

Mji aliotawala Devashtich uko juu ya kilima kidogo, kusini-mashariki ya mji wa sasa, umbali wa kutembea kwa miguu. Ukiangaliwa haraka ni vichuguu na mitaro ya udongo wa rangi ya ngano kavu, kwa kuwa ulijengwa kwa matofali mabichi na udongo wa kushindiliwa. Wanaakiolojia walianza kuuchimba baada ya Vita Kuu ya Pili, chini ya Aleksandr Yakubovsky na baadaye Aleksandr Belenitsky, na kazi imeendelea karibu kila majira ya joto tangu hapo. Boris Marshak aliiongoza kuanzia mwaka 1978 mpaka alipofariki hapo hapo Panjakent mwaka 2006, katika msimu wa uchimbaji. Alizikwa huko kwenye mji alioutumikia.

Mji huo ulianza karne ya 5 na kuhamwa katika nusu ya pili ya karne ya 8. Ulikuwa na ngome, mahekalu mawili, karakana, maduka na nyumba za ghorofa mbili zilizobanana katika vichochoro. Umaarufu wake duniani umetokana na michoro ya ukutani. Kumbi za kupokelea wageni zilichorwa kuanzia chini hadi juu, na kumbi hizo hazikuwa za jumba la mtawala peke yake: zilikuwamo katika nyumba za raia, watu wa biashara na wenye mashamba. Juu ya ukuta kabisa, mkabala na mlango, alichorwa mungu wa nyumba, mara nyingi Nana mwenye mikono minne, ameketi juu ya simba. Katikati vilipita visa vya mashujaa. Katika ukumbi mmoja wenye usuli wa buluu anaonekana Rustam akipambana na joka na mashetani, karne mbili na zaidi kabla ya Firdausi kuandika Shahnama. Chini kabisa, usawa wa macho ya mtu aliyeketi, zilichorwa hadithi ndogo ndogo za burudani: bata bukini aliyetaga mayai ya dhahabu, na yule sungura aliyemdanganya simba akaruka kisimani kupigana na kivuli chake. Hadithi hii ya pili asili yake ni India, na ndiyo iliyoingia katika Kalila na Dimna cha Kiarabu. Msomaji wa Kiswahili aliyekua na visa vya Sungura atamtambua mara moja, ingawa mchoro huo una miaka 1,300.

Michoro mingi mizuri sasa iko katika jumba la makumbusho la Hermitage huko St Petersburg, na mingine Dushanbe, mji mkuu wa Tajikistan. Makumbusho ya Panjakent yenyewe, yaliyopewa jina la mshairi Rudaki, yana vitu vya thamani, lakini kazi kubwa kubwa zimesafiri. Najua sababu. Rangi ilipakwa juu ya lipu ya udongo, na ukuta wa udongo ukifunuliwa kwenye jua, mvua na theluji hauishi miaka miwili. Waliobandua michoro hiyo waliiokoa, na mikono yao ilikuwa na ustadi wa kustaajabisha. Bado naamini kwamba mtoto wa shule wa Panjakent anastahili kumwona Rustam wa Panjakent bila kupanda ndege, hata kama ni kwa kuazimwa msimu mmoja kila baada ya miaka michache. Ukumbi wenye joto na unyevu uliodhibitiwa ungejengwa hapo mjini kwa gharama ndogo kuliko maonyesho mengi yanayozungushwa Ulaya. Bata yule wa mayai ya dhahabu alichorwa ili watu wa mji ule wacheke jioni baada ya kazi.

Mwaka 1976, kilomita 15 magharibi ya mji, karibu na mpaka wa Uzbekistan, mkulima mmoja aliibua jambia la shaba kutoka ardhini. Angeweza kuliuza au kulitundika ukutani. Badala yake alilifikisha kwa mwanaakiolojia Abdullo Isakov, na mwaka uliofuata uchimbaji ukaanza mahali panapoitwa Sarazm. Wakagundua kwamba Panjakent ya Wasogdi ni ya juzi tu. Sarazm ilikaliwa tangu milenia ya nne mpaka mwisho wa milenia ya tatu kabla ya Kristo, na ilikuwa na watu waliojenga nyumba za matofali ya udongo, waliolima ngano na shayiri kwa maji ya mifereji, waliofuga, na walioyeyusha shaba kutoka kwenye madini ya milima iliyowazunguka.

Katika kaburi moja alikutwa mwanamke aliyezikwa na maelfu ya shanga, zikiwamo za lazuli na feruzi, pamoja na bangili za kombe za baharini. Bahari iko mbali sana na bonde hili, nyuma ya milima mirefu. UNESCO ilipoiingiza Sarazm katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2010, eneo la kwanza la Tajikistan kupata hadhi hiyo, ilitaja uhusiano wake na Turkmenistan, nyanda za Iran, bonde la Indus na mpaka Bahari ya Hindi. Bangili hizo zilipita mikono mingi kufika huko. Tuliozaliwa kwenye pwani za bahari hiyo huwa tunahesabu dhau zinazokuja na pepo za musimu. Safari ya kombe kutoka baharini kupanda mpaka chini ya barafu za Asia ya Kati, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, inafaa nayo kuingizwa kwenye hesabu zetu.

Leo Sarazm ni mabanda ya chuma yaliyofunika mashimo ya uchimbaji, na kuzunguka mabanda hayo kuna vijiji na mashamba. Ng'ombe wanalisha. Ardhi iliyolimwa miaka 5,000 na zaidi iliyopita bado inaotesha ngano.

Ukiuliza sasa watu wa bonde hili wanaishije, jibu la kwanza ni maji. Mifereji midogo hutoka kwenye mikubwa, ikapita kando ya barabara za mitaa, ikaingia kwenye bustani za nyumba moja baada ya nyingine. Anayesimamia zamu huitwa mirob. Kazi yake ni kujua nani amefungua lango lini, nani amezidisha, na mfereji gani umejaa matope. Ni cheo cha kale katika Asia ya Kati, kilichodumu chini ya amiri wa Bukhara, chini ya utawala wa Kirusi, kikapitia mashamba ya ujamaa ya Kisovieti, na kikasalimika. Kila masika mifereji husafishwa kwa nguvu za wote, kaya zote zikitoa mtu. Wenyewe huita hashar, na kwa Mtanzania wa vijijini huo ni msaragambo kabisa, mpaka na sufuria kubwa ya chakula cha pamoja inayofuata.

Enzi za Kisovieti wilaya ya Panjakent ililima pia tumbaku kwa amri ya mipango ya serikali. Baada ya uhuru wa mwaka 1991 mashamba makubwa yaligawanywa kuwa ya kaya na ya vikundi. Ardhi imebaki mali ya dola; mkulima anashika cheti cha haki ya kuitumia. Ni haki inayoweza kurithiwa, na familia nyingi zimepanda miti kwa imani hiyo, maana mtu hapandi mwaprikoti kwa ajili ya mwaka mmoja. Matunda yakiiva mwezi Juni hupasuliwa, hutolewa kokwa na kuanikwa juu ya mapaa na mabaraza mpaka mji mzima unanukia. Kokwa nazo hazitupwi: huvunjwa, punje ya ndani huliwa pamoja na chai. Kando ya mifereji husimama miforosadi, ambayo majani yake yamelisha viwavi wa hariri kwa karne nyingi na tunda lake hukaushwa na kusagwa liwe utamu wa wakati wa baridi.

Soko kuu liko katikati ya mji, mkabala na msikiti na madrasa ya kale ya Olim Dodkho. Hapo huuzwa zabibu kavu, jozi, mchele, karoti za njano za pilau, nyanya, na matikiti wakati wake. Wauzaji wengi ni wanawake waliovaa magauni marefu ya rangi kali na vilemba vya kitambaa. Utasikia Kitajiki, ambacho ni Kiajemi kinachoandikwa kwa herufi za Kisirili, na utasikia Kiuzbeki, na mara nyingi muuzaji mmoja hugeuka kutoka lugha hii kwenda ile akihesabu chenji.

Mkate hauna mwenzake hapa. Huokwa kwenye tanuri la udongo, unabandikwa ukutani mwa tanuri kwa mkono, na katikati yake hupigwa muhuri wa misumari midogo ili usivimbe. Hauwekwi chini, haugeuzwi juu chini, haukatwi kwa kisu mbele ya mgeni. Humegwa kwa mkono na mkubwa wa nyumba. Sambusa nazo huokwa katika tanuri hilo hilo. Qurutob, chakula kinachopendwa kote Tajikistan, hutengenezwa kwa kuchanachana mkate wa tabaka, kuumwagia maziwa ya mgando yaliyokaushwa na kuyeyushwa tena, kisha vitunguu, majani mabichi na mafuta ya moto, na watu wote wakala katika sinia moja ya mbao. Ni chakula cha watu waliojua kwamba mkate wa jana ni mali.

Tarehe 21 Machi huja Navruz, mwaka mpya. Siku kadhaa kabla yake wanawake huotesha ngano kwenye sahani, kisha huitwanga na kukamua maji yake, na maji hayo hupikwa pamoja na unga usiku kucha katika sufuria kubwa yakawa sumanak, uji mzito wa rangi ya kahawia, mtamu bila hata chembe ya sukari. Lazima ukorogwe bila kukoma. Kwa hiyo majirani hupeana zamu ya mwiko, na usiku huo hupita kwa nyimbo, dua na habari za mtaa.

Lakini wanaokoroga sumanak ni wanawake, na siku hizi wanaofungua maji shambani saa nane za usiku nao ni wanawake. Wanaume wengi wa bonde wako Urusi, kwenye majengo, masoko na maghala ya Moscow na miji mingine. Tajikistan ni miongoni mwa nchi zinazotegemea zaidi fedha za wahamiaji duniani; kuna miaka ambapo fedha hizo zimekaribia nusu ya pato la taifa. Nyumba nyingi mpya za Panjakent zimejengwa na pesa hizo, na harusi zimelipiwa nazo. Tangu shambulio la ukumbi wa Crocus karibu na Moscow, Machi 2024, ambalo washtakiwa wake wakuu walikuwa raia wa Tajikistan, Watajiki huko wamekutana na misako, kufukuzwa na dharau kubwa zaidi, wakiwamo watu ambao hawana uhusiano wowote na uovu ule. Mama anayelima peke yake Panjakent anasikiliza habari za Moscow kwa makini kuliko utabiri wa hali ya hewa.

Kuna kidonda kingine ambacho, namshukuru Mungu, kimepona. Mipaka ya Kisovieti ya miaka ya 1920 iliweka Samarkand katika Uzbekistan na Panjakent katika Tajikistan, ingawa kwa maelfu ya miaka ni bonde moja, na watu wengi wa Samarkand wanazungumza Kitajiki. Wakati wa Usovieti mpaka ulikuwa mstari kwenye ramani: mtu alikwenda Samarkand asubuhi kuuza nyanya akarudi jioni. Mwaka 2010 Uzbekistan ilifunga kivuko cha mpaka kati ya Panjakent na Samarkand. Safari ya saa moja na ushei ikawa ya kuzunguka milima mpaka kivuko kingine cha mbali, kwa viza. Ndugu walikosa mazishi ya ndugu. Mazao yakakosa soko lake la asili, na barabara ya kwenda Dushanbe ilipita kwenye milango ya milima iliyofungwa na theluji miezi mingi, mpaka mahandaki ya Anzob na Shahriston yalipokamilika. Kivuko kilifunguliwa tena Machi 2018, na watu wakavuka wakilia. Sasa watalii wa Samarkand huja Panjakent kwa siku moja, na matunda yanavuka.

Mwaka 2023 UNESCO iliorodhesha njia nzima ya Zeravshan na Karakum, maeneo 31 katika Tajikistan, Uzbekistan na Turkmenistan, kwa ombi la pamoja la nchi hizo tatu. Panjakent ya kale imo, na ngome ya mlima Mugh imo. Lililonifurahisha zaidi ni kuona katika orodha hiyo, sambamba na mahekalu na ngome, mfumo wa umwagiliaji wa Toksankoriz: visima vilivyochimbwa mfululizo na kuunganishwa na mfereji wa chini ya ardhi, ili maji yafike shambani bila kukaushwa na jua. Kazi ya wachimba mifereji wasio na majina imewekwa mahali pake.

Maji hayo yana mashaka. Barafu za Zeravshan zinarudi nyuma mwaka hadi mwaka. Tajikistan, ambayo milima imechukua sehemu zaidi ya tisa katika kumi za ardhi yake, ndiyo iliyopendekeza mwaka 2025 uwe mwaka wa kimataifa wa kuhifadhi barafu za milimani, na mkutano mkubwa ukafanyika Dushanbe mwezi Mei mwaka huo. Chini ya mto wanangoja Samarkand na Bukhara, ambako sehemu kubwa ya maji ya Zeravshan humalizikia mashambani. Mto wenyewe hupotelea jangwani kabla ya kuufikia Amu Darya. Tajikistan na Uzbekistan zimeanza kupanga pamoja mabwawa ya umeme upande wa juu, jambo ambalo miaka kumi nyuma lingeleta vitisho. Kwa mkulima wa Panjakent shida iko kwenye kalenda: theluji ikiyeyuka mapema, maji hujaa wakati miche bado midogo na mirob anahangaika kuyazuia yasibomoe kingo, kisha hupungua Agosti, wakati mpunga unatunga punje na mama shambani anahitaji zamu mbili badala ya moja.